Kaka anakuja na nafasi ya boksi moja: mchezo upi wa mezani kwa anayecheza peke yake?

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari huku Mpanda. Kaka yangu anayeishi Ujerumani anakuja likizo mwezi wa 12, na ameniambia nichague mchezo mmoja wa mezani wa kisasa aniletee. Naishi peke yangu. Catan aliyoniletea safari iliyopita imekaa kabatini kwa sababu inataka watu watatu. Nimesoma sana mtandaoni na nimebaki na mitatu: Wingspan, Terraforming Mars na Spirit Island. Yote imeandikwa kwamba mtu mmoja anaweza kuicheza. Meza yangu ni ndogo, ile ile ninayosahihishia madaftari, na muda wangu ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa tatu na nusu. Nichukue upi? Na hiyo Catan, niiuze?

Jibu:

Mwalimu, salamu nyingi. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye meza ya kusahihishia na ile saa moja na nusu. Jibu limekaa hapo.

Nikupe neno langu kabla ya maelezo. Kati ya mitatu uliyoitaja, unaokufaa ni Spirit Island, ila usiufanye wa kwanza. Wa kwanza mwombe kaka akuletee Friday, boksi dogo la Mjerumani Friedemann Friese lililotoka mwaka 2011. Linaingia kwenye begi la mkononi na limetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja tu. Sasa nikueleze kwa nini.

Tuanze na unachokijua. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna kete iliyofichwa. Ukicheza upande huu, kisha ukazunguka ukacheza na upande wa pili, yule wa pili hana siri: mpango wake unaujua kabla hajaupanga. Drafti ni vivyo hivyo. Mafundi wa bao hukaa peke yao wakirudia mchezo wa jana watafute walipoteleza, na zoezi hilo linajenga sana, lakini linabaki zoezi. Anayecheza peke yake anahitaji mezani kitu cha kumshtua. Karata zilizochangwa zinaifanya kazi hiyo, na dadu pia. Ndiyo maana Solitaire iliyokuja na Windows tangu mwaka 1990 imewakalisha watu maofisini miaka na miaka, na sijaona mtu aliyekaliwa hivyo na drafti ya peke yake.

Kwa hiyo ukiona pembeni ya boksi pameandikwa 1 hadi 4, jiulize huyo mmoja anapambana na nani. Hapo michezo hii inatofautiana kama usiku na mchana, na sifa za mtandaoni hazikuambii. Tovuti ya BoardGameGeek, ambayo nadhani ndiko ulikosoma, imekuwepo tangu mwaka 2000 na ni hazina kubwa, lakini alama za jumla unazoziona kule zimetolewa zaidi na watu waliocheza wakiwa wengi. Kwenye ukurasa wa kila mchezo tafuta kura za idadi ya wachezaji, uone waliocheza wakiwa mmoja wanasemaje. Pale pale kuna kipimo cha ugumu, kuanzia 1 hadi 5. Wingspan iko karibu na 2.5, Terraforming Mars inapita 3 kidogo, Spirit Island inagusa 4. Kwa mtu aliyetoka darasani na bado ana rundo la madaftari, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye tarakimu.

Terraforming Mars sitaikalia sana. Jacob Fryxelius aliitoa mwaka 2016, na ni mchezo mzuri wenye karata 208 za miradi ya kuifanya sayari ya Mirihi ikalike. Ukiwa peke yako, mezani hakuna mpinzani, kuna saa. Unapewa raundi 14, zinaitwa vizazi, upandishe joto kutoka nyuzi 30 chini ya sifuri hadi nyuzi 8 juu yake, oksijeni ifike asilimia 14, na uweke bahari zote 9. Ukimaliza kazi umeshinda, usipomaliza umeshindwa. Wenzako wanaposhindania tuzo za mchezo huo wewe huna wa kushindana naye, kwa hiyo sehemu hiyo yote inaondolewa. Halafu kuna jambo dogo ambalo kwako litakuwa kubwa. Katika toleo la kawaida, ubao wa mchezaji ni karatasi bapa, na mali yako yote ni vijiwe vya mraba vilivyokaa juu yake bila kizuizi. Kiwiko kikigusa meza, hesabu ya chuma, ya mimea na ya fedha imevurugika, wala huna wa kumuuliza ilikuwa ngapi.

Wingspan ya Elizabeth Hargrave ilitoka mwaka 2019, ikapata mwaka huo huo tuzo ya Kennerspiel des Jahres, ambayo Wajerumani huipa michezo ya waliokwisha kuzoea. Karata zake 170 za ndege, wote wa Amerika Kaskazini, zimechorwa vizuri mno. Wewe uliye jirani na Hifadhi ya Katavi utawatafuta ndege wako humo usiwaone, lakini utakaa na picha hizo hata usipocheza. Mpinzani anaitwa Automa. Ni fungu dogo la karata: wewe ukimaliza zamu unafunua moja, inakuambia Automa amefanya nini. Kachukua ndege uliyekuwa unamvizia, au kaondoa dadu ya chakula, au kasogea mbele kwenye lengo la raundi. Zamu yake haifiki hata nusu dakika, na mchezo mzima una zamu zako 26 tu, kwa hiyo saa moja inatosha na kubaki.

Lawama yangu ni moja. Automa hakuoni. Ujenge vizuri, ujenge ovyo, yeye yuko kwenye ratiba yake. Unacheza mchezo wako vizuri kabisa, mwisho unahesabu mayai na alama, unajua kama umempita. Kuna watu wanataka utulivu wa namna hiyo usiku na hawakosei. Mimi nikichoka kweli kweli huichukua hiyo. Ila nikiusoma ujumbe wako naona mtu anayetaka kupambana.

Sasa Spirit Island. Hapa niruhusu nikae.

R. Eric Reuss aliutoa mwaka 2017. Michezo mingi ya kabla yake ilimweka mchezaji kwenye meli: unafika kisiwani, unajenga mji, unavuna, unatajirika. Huu unakuweka upande wa kisiwa. Wewe ni mzimu wa mahali, mzimu wa mto, au wa radi, au wa kivuli, na wavamizi ndio wanaofika. Kisiwani kuna wenyeji wanaoitwa Dahan, na ukiwatumia vizuri wanapigana nao. Kisiwa ni cha kubuni, lakini mwalimu anayefundisha Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, anayemjua Kinjikitile wa Ngarambe na habari za mzimu Hongo, hawezi kuishika karata ya kwanza bila kusimama kidogo. Unaweza hata kumchagua mvamizi awe taifa fulani lenye tabia yake, na mmojawapo aliyemo boksini ni Brandenburg-Prussia, dola ya Wajerumani. Nilipomwona mara ya kwanza niliweka karata chini, nikazitazama zile nyumba nyeupe za plastiki zikiwa zimesimama katikati ya vibanda vya mbao vya wenyeji. Sijapata mchezo mwingine wa mezani ulionifanyia hivyo.

Lakini habari ikiwa nzuri na mchezo mbovu, boksi litakaa kabatini. Huu umesukwa. Wavamizi wanaendeshwa na karata za aina za ardhi. Leo imefunuliwa karata ya mchanga: wavamizi wanaingia kwenye mchanga. Zamu ijayo karata hiyo inasogea hatua moja, nao wanajenga kwenye mchanga. Zamu ya tatu inasogea tena, wanaharibu: ardhi inapata madoa ya uharibifu na Dahan wanakufa. Wakati huo nyuma yake zimekwisha kuingia karata nyingine. Maana yake ni kwamba kila zamu unajua kwa hakika wapi wataharibu na wapi watajenga, na usichokijua ni wapi wataingia. Siri ni moja tu, na inatosha. Ukipigwa huwezi kusema umeonewa na bahati, kwa sababu uliliona likija zamu mbili kabla.

Juu ya hapo, nguvu zako ziko za aina mbili. Za haraka zinafanya kazi kabla wavamizi hawajatenda, za polepole zinafanya kazi wakishatenda. Unashika karata ya polepole inayoweza kufuta mji mzima, na mji huo unaharibu sasa hivi. Unaacha uharibifu upite ili uung'oe mji baadaye, au unatumia karata ndogo ya haraka ukinge leo tu? Swali hilo linarudi kila zamu kwa sura mpya. Na wavamizi wakizidi kuogopa, sharti la ushindi linalegea: mwanzoni lazima uwafute wote, baadaye inatosha kuondoa vijiji na miji, mwishoni miji peke yake.

Kwa nini basi nisikuambie ulete huo? Kwa sababu ya saa tatu na nusu. Mara yangu ya kwanza, nikiwa peke yangu na kitabu cha kanuni pembeni, ilinichukua karibu saa tatu, na kuupanga mezani kulikula robo saa ya mwanzo. Sasa namaliza kwa saa moja na nusu hivi, lakini nilipitia usiku nyingi kufika hapo. Mwalimu akianza nao wiki ya mitihani, atakatiza katikati usiku wa kwanza na wa pili, na boksi litamfuata Catan kabatini. Meza nayo inajaa yote: kipande cha kisiwa, ubao wa wavamizi, ubao wa mzimu, mafungu ya karata. Madaftari yatalazimika kushuka chini.

Friday inataka nafasi ya daftari mbili zilizofunuliwa, na inaisha kwa nusu saa. Wewe ni Friday, uliyezoea kisiwa chako, na Robinson ameangukia kwako hajui kitu. Kazi yako ni kumfundisha hadi aweze kuwashinda maharamia wawili na kuondoka. Hadithi yenyewe, ile ya Robinson Crusoe, ni ya zamani na ukoloni umo ndani yake, lakini angalau kwenye meza hii mwenye akili ni Friday.

Robinson ni fungu la karata 18, nyingi zikiwa sifuri au kasoro moja, yaani -1. Unafunua hatari mbili, unachagua moja ya kupambana nayo. Tuseme umechagua hatari inayotaka nguvu 2 na inakuruhusu kufunua karata tatu za Robinson bure. Unafunua: sifuri, kasoro moja, sifuri. Jumla ni kasoro moja, umepungukiwa na 3. Unaweza kulipa uhai mmoja kwa kila karata ya ziada ukitafuta nzuri. Au unakubali kushindwa. Ukishindwa unalipa uhai 3, na kwa uhai huo huo unaziondoa zile karata tatu mbovu zisirudi tena. Fungu limebaki na karata 15, na ubovu umepungua.

Mgeni hukimbilia kushinda kila hatari, kwa sababu karata ya hatari uliyoishinda inageuzwa juu chini na kuwa ujuzi wa Robinson. Kumbe kushindwa mapema, kwa makusudi, ndiko kunakomjenga. Ila uhai ni 20 tu mwanzoni, na kila fungu linapokwisha kabla hujalichanga upya, inaingizwa karata moja ya uzee, nazo ni mbaya kuliko zote. Ukishindwa mno unakufa, ukishinda mno unabaki na fungu limejaa takataka hatari zinapokuwa kali. Kutafuta katikati ya hapo ndiyo mchezo wenyewe. Una ngazi nne za ugumu, na mimi ngazi ya tatu bado inanikamata.

Ukiweza Friday utakuwa umejifunza mambo mawili yatakayokusaidia siku ya Spirit Island: kuacha kitu kiharibike leo kwa hesabu, na kulisoma fungu la karata kama rasilimali inayokwisha. Na kaka akiwa na nafasi iliyobaki, aulizie Horizons of Spirit Island, toleo dogo la mwaka 2022. Lina mizimu mitano iliyorahisishwa kwa wanaoanza, vifaa vichache, na bei yake ni ya chini. Lilitengenezwa liuzwe kwenye maduka ya Target kule Marekani, kwa hiyo Ujerumani huenda akalazimika kuagiza. Kanuni ni zile zile, na mizimu yake inafanya kazi na boksi kubwa ukilipata baadaye.

Sasa jambo la lugha, na hili tafadhali mpigie kaka simu, usimwandikie tu. Maduka ya Ujerumani yanauza matoleo ya Kijerumani. Friday inaitwa Freitag. Wingspan inaitwa Flügelschlag. Spirit Island inabaki na jina lake la Kiingereza juu ya kifuniko hata kama ndani kila karata ni Kijerumani, na hiyo ndiyo mtego. Mimi niliwahi kuagiza boksi kubwa kwa muuzaji wa mtandaoni, jina juu ni la Kiingereza, nikalifungua mezani kwa furaha, kumbe karata zaidi ya mia zote ni za Kijerumani. Nilizitafsiri moja moja kwenye vikaratasi nikavichomeka kwenye mifuko ya plastiki ya karata, kazi ya wiki tatu. Kaka asome mgongo wa boksi, na kama muuzaji anaruhusu, aone picha ya karata zenyewe. Freitag ukiletewa ya Kijerumani usife moyo: maneno kwenye karata ni machache na yanajirudia, na kanuni za Kiingereza zinapatikana mtandaoni. Spirit Island ya Kijerumani usikubali, isipokuwa unakisoma.

Ukitaka kitu kisicho na tatizo la lugha kabisa, ni Onirim ya Shadi Torbey, ya mwaka 2010. Karata zake ni alama tupu, jua, mwezi na ufunguo, katika rangi nne. Unaweka karata tatu mfululizo za rangi moja, alama mbili za aina moja zisifuatane, unafungua mlango. Unatafuta milango minane kabla fungu halijakwisha. Ndani kuna majinamizi kumi. Likitokea jinamizi unachagua hasara yako mwenyewe: utupe ufunguo, au uurudishe mlango ulioupata, au uzitupe karata zote za mkononi, au uchome tano za juu ya fungu. Ni dakika 15. Naipenda kwa usiku wa umeme kukatika, kwa sababu hata kwa mwanga wa simu rangi na alama zinaonekana.

Na kabla ya mwezi wa 12 usikae bure. Kampuni ndogo ya Marekani inayoitwa Button Shy inauza michezo ya karata 18 tu, na mingi unaweza kununua faili lake ukachapa mwenyewe. Chukua Sprawlopolis, wa mwaka 2018. Karata tisa zinaenea kwenye karatasi moja ya A4, kwa hiyo ni karatasi mbili, mbele na nyuma. Nenda steshenari, waambie wachape kwa rangi kwenye karatasi ngumu, wahakikishe mbele na nyuma vimekutana, kisha ukate mwenyewe kwa rula na wembe, mkasi hupindisha. Tatu kati ya karata hizo zinageuzwa kuwa masharti ya alama ya mchezo huo, na tarakimu zake zikijumlishwa ndizo lengo unalopaswa kulifikia. Kumi na tano zinazobaki unajengea mji, na kila barabara inakukata alama moja. Utacheza mara tatu kabla ya saa tatu na nusu, na utajua kama kweli unapenda kukaa na mchezo peke yako, kabla kaka hajatoa hata euro moja.

Kuhusu Catan: usiiuze. Uko shuleni, umezungukwa na watu wanaoweza kuhesabu dadu mbili. Tafuta walimu wawili Jumamosi mchana, au vijana wa kidato cha tatu, na mara ya kwanza tumia ule mpangilio wa ramani uliochorwa kwenye kitabu cha kanuni badala ya kuchanganya vigae, ili asiwepo aliyeanza mahali pabaya akakata tamaa. Wafundishe kubadilishana mali tangu zamu ya kwanza, kwa sauti, kama sokoni. Wasipozoea hapo, watacheza kimya kila mtu na lake, na Catan ya kimya haichezeki.